Fuwele ya Nthambi

Machakos
11 Februari 2023

Kaka Muthoka,

Wimuseo? Natumaini baridi ya Ghent imeanza kukuachilia na kile kifua hakikusumbui tena. Sisi huku tuko salama. Mwaitu ni mzima, mama yetu yule yule, goti tu ndilo linamkataza kushuka hadi shamba la chini, ingawa akimwona mtu anapalilia vibaya anashuka hata hivyo. Maharagwe ya nyumbani Kathiani yalitoka vizuri. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwa simu tunakatizana, na jambo hili nataka ulisome ukiwa umetulia.

Mwaka jana nilipeleka wanafunzi wangu Katangi kupima maji. Watoto wa pale wanaumwa tumbo kila mvua ikinyesha, na maji tuliyopima hata mbuzi ningemwonea huruma. Tangu siku ile sijapata raha. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kuna vijitaa vya LED vinavyotoa urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho, na kwamba mwanga huo unaua vijidudu majini. Unajua pia kwamba semikondakta zinazotumika kuvitengeneza ni za shida, na umeme mwingi unaishia kuwa joto tu. Basi nimeanza kutafuta maada nyingine ya kuvitengenezea.

Sina maabara, kwa hiyo natafuta kwa kompyuta. Naipa mpangilio wa atomi, inanihesabia kama fuwele hiyo itasimama au itasambaratika, na ikisimama, itatoa mwanga wa aina gani. Michanganyiko iko maelfu. Wanafunzi wakienda likizo, chumba chao cha kompyuta chuoni kinakuwa changu. Lakini stima ikipotea hesabu ya wiki nzima inakufa, na hapa kwetu inapotea bila kuaga.

Ombi langu ni hili. Ile kompyuta kubwa ya taasisi yenu, hata kipande chake kidogo, hata Jumapili tu watu wakiwa wamelala. Wewe ndiye uliyenifundisha fizikia kwenye meza ya jikoni kabla hata sijaingia sekondari. Naona ni sawa kukuomba wewe kwanza.

Dada yako mdogo,
Nthambi

*

Ghent
20 Machi 2023

Mdogo wangu Nthambi,

Salamu nyingi kutoka huku. Kifua kimepoa na ninakula, mwambie mwaitu. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na wageni wa kazi.

Nimefurahi kusikia bado unapenda mambo haya. Lakini niseme ukweli kama kaka. Kazi hii si ya mtu mmoja na chumba cha wanafunzi. Hapa tuko kikundi kizima, na sisi hatukagui mchanganyiko mmoja mmoja kama unavyofanya. Tumeifundisha kompyuta yenyewe ibuni michanganyiko ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifikiria. Inabuni mingi kiasi kwamba hatujui tuanze na upi. Bado hakuna uliokubali kutengenezwa, lakini uko njiani.

Kuhusu kompyuta yetu, sheria hazikubali mtu wa nje. Nimeuliza.

Ushauri wangu: kama lazima uendelee, panua utafutaji wako. Usijibane. Na usisahau kwamba wanafunzi wanahitaji mwalimu aliyejiandaa. Hilo nalo ni jambo kubwa, usilidharau.

Msalimie mwaitu. Nitapiga simu Pasaka.

Kaka yako,
Muthoka

*

Machakos
16 Julai 2023

Kaka Muthoka,

Habari za siku nyingi? Huku ni baridi ya Julai, mwaitu amevaa sweta mbili na anasema Ulaya imehamia Kathiani. Mahindi ni machache lakini hatulalamiki.

Asante kwa ushauri wako wa Machi. Niliufikiria sana, kisha nikafanya kinyume chake, na nakuomba usikasirike. Sikupanua, nilibana. Nilijiambia kwamba sina nguvu ya kukagua kila kitu, basi nisikague kitu ambacho hakuna atakayeweza kukitengeneza. Nikaondoa elementi zote za nadra na zote za sumu. Nikabaki na michanganyiko inayofanana na ile ambayo tanuri za kawaida za maabara zinaiweza. Mwanafunzi wangu wa uzamili, Loise, aliandika programu inayohifadhi hesabu kila baada ya muda mfupi, kwa hivyo siku hizi stima ikipotea tunaendelea tulipoishia.

Kaka, kuna mmoja uliobaki. Magnesiamu, zinki, silikoni na naitrojeni, kwa mpangilio ambao sijaona popote umeandikwa. Kwa hesabu zangu fuwele yake inasimama, na mwanga wake unaangukia pale pale tunapotaka. Nimekutumia faili zote. Nilirudia hesabu hadi Loise akaniambia sasa ninamwogopesha.

Najua kuna tanuri ya kukuzia fuwele katika jengo lenu, umewahi kunionyesha picha. Nakuomba kwanza uihesabu kwenye mashine yenu kubwa, halafu, ukiona ni kweli, uwaombe wenye tanuri waijaribu.

Jumapili iliyopita kanisani walisema wenye shukrani wasimame. Mwaitu akasimama na goti lake, akashukuru kwa ajili ya watoto wake. Akaanza na mimi. Nilishtuka, kwa sababu unajua yeye huanza na wewe siku zote, kisha anakohoa, kisha anakumbuka wengine. Ulikuwa unaona aibu huko uliko? Mimi niliona aibu, lakini nisikudanganye, niliipenda.

Dada yako,
Nthambi

*

Ghent
29 Agosti 2023

Nthambi,

Hujambo? Mimi sijambo.

Nimeziangalia faili zako. Pole, lakini mchanganyiko ule hausimami. Magnesiamu inapenda mno oksijeni, fuwele itaharibika kabla hata ya kutoka tanurini. Hakuna mtu hapa atakayepoteza muda wa tanuri kwa kitu kama hicho, na mimi siwezi kwenda kuomba jambo litakaloniaibisha mbele ya wenzangu. Uachane nao.

Mwaitu alinipigia. Alizungumza habari zako tangu mwanzo hadi salio lake likaisha. Hongera.

Kaka yako,
Muthoka

*

Machakos
7 Januari 2024

Muthoka,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima.

Nimekaa kimya tangu Agosti kwa sababu nilikuamini. Niliufuta mchanganyiko ule kwenye orodha yangu, nikarudi kuanza upya. Loise aliniuliza tumekosea wapi, nikamwambia kaka yangu ameangalia, na kaka yangu hakosei.

Sasa nikueleze yaliyotokea nyumbani wakati wa Krismasi. Kimanzi, yule mnayekaa naye ofisi moja, alipita Kathiani kuleta blanketi ulilomtumia mwaitu. Tukampa chai na isyo, yale mahindi na maharagwe ya mwaitu. Ni kijana mwenye adabu, mwaitu alimpenda. Alipojua mimi ni nani alicheka kwa furaha, akasema amekuwa akitaka sana kuniona. Nikamuuliza kwa nini.

Akaniambia, "Ile fuwele yako ya magnesiamu na zinki. Tuliihesabu mimi na Muthoka, kwa njia tatu tofauti. Imesimama zote tatu. Mbona hamjaitangaza?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini. Nikamuuliza ilikuwa lini, akasema ni Agosti mwanzoni, kabla hajaenda likizo. Akasema ulikaa mbele ya kompyuta muda mrefu, halafu ukamwambia uko na kazi nyingine.

Alikuwa mgeni, na hakuwa na kosa. Nilimsindikiza hadi barabarani na kumtakia safari njema.

Mwaitu alikuwa akisikiliza. Anasikia zaidi ya tunavyodhani. Jioni aliniuliza kama wewe ni mgonjwa. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi ni nini?"

Sasa nakuuliza wewe. Ni nini? Ulikuwa na mashine, ulikuwa na tanuri ngazi chache chini ya miguu yako, ulikuwa na jibu mkononi. Ungeniambia tu, "Nthambi, umepata," ningekuchinjia mbuzi kwa njia ya simu.

Nimeiandikia maabara moja ya Pretoria. Mama anayeiongoza alinijibu wiki ile ile. Wataijaribu.

Nthambi

*

Ghent
28 Januari 2024

Nthambi,

Habari ya huko. Mwambie mwaitu si mgonjwa mimi.

Hesabu si fuwele. Hilo ungelijua kama ungekuwa umewahi kusimama mbele ya tanuri. Mashine ikisema kitu kinasimama, haijasema kitatengenezeka. Niliona hatari ya oksijeni, nikakuonya. Kimanzi ni mtoto kwenye kazi hii, anashangilia kila namba inayotoka. Sitaomba msamaha kwa kuwa mwangalifu.

Na kwa kuwa umeuliza ni nini, nitakuuliza na mimi. Unajua ni nini kukaa miaka yote hii katika nchi ambayo hata salamu ni kazi, ukiwaambia nyumbani kwamba unatafuta maada mpya za mwanga, na kila mwaka huna cha kuonyesha? Sisi tuna mashine yenye ukubwa wa nyumba. Tumebuni michanganyiko isiyohesabika, yote imekufa tanurini. Halafu inakuja barua kutoka Machakos, kutoka chumba cha kompyuta chenye mapazia yaliyochanika, nakijua kile chumba, na ndani yake kuna kitu ambacho kingekuwa changu.

Kila nikipiga simu nyumbani sasa ninaulizwa, "Na wewe Muthoka, umepata nini?" Mwaitu hana nia mbaya. Anauliza tu. Lakini tangu utotoni sijawahi kuulizwa swali hilo. Nilikuwa naulizwa nataka nini.

Umekaa nyumbani, unakula chakula cha mama, ukienda sokoni watu wanakujua jina, na sasa hata hiki kimoja nilichokuja kukitafuta mbali umekipata bila kutoka. Nenda Pretoria basi. Usinitumie faili nyingine.

Muthoka

*

Machakos
19 Mei 2024

Kaka,

Hujambo? Sijui kama utaisoma hii. Mvua ya safari hii ilitushtua, mto ulipanda hadi kwenye migomba ya mwaitu, lakini nyumba iko salama na watu wote wako salama. Nilitaka ujue hilo kabla ya mengine.

Barua yako ya Januari niliisoma nikaifunga. Nilikasirika hadi nikashindwa kufundisha siku hiyo. Umeandika kana kwamba mimi nilikaa nyumbani kwa kupenda. Ulipopata nafasi ya Ulaya, mimi nami nilikuwa nimepata ya uzamifu Pretoria, na hakuna aliyeitaja mezani, kwa sababu baba alikuwa amelazwa na mtu mmoja alihitajika kubaki. Siku ya kukuaga, nilipika chakula cha wageni wako wote. Nilikuwa nikiwasikia wakikuombea, na nilikuwa nikikata vitunguu zaidi ya vilivyohitajika ili nisiulizwe macho yana nini. Nimekuonea wivu Muthoka tangu siku ile. Kila picha uliyotuma, ya theluji, ya maabara, ya treni, niliiangalia mara moja tu kisha nikampa mwaitu simu. Kwa hiyo usifikiri wivu ni ugonjwa wako peke yako. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwahi kukuficha jambo lililokuwa lako.

Hayo nimeyasema, sasa nakuja kwa kilichonifanya nikuandikie.

Pretoria wameijaribu fuwele. Imekataa. Walibadilisha joto, wakabadilisha mwendo wa gesi, bado imekataa. Inakua vizuri tanurini, lakini ikitoka nje inageuka unga mweupe. Ni oksijeni, kama ulivyosema. Ulinidanganya kwamba haisimami, lakini jambo hilo moja ulilolisema lilikuwa kweli.

Yule mama wa Pretoria ananiambia atajaribu mara moja tena, baada ya hapo tanuri inakwenda kwa kazi za watu wengine na huenda isirudi kwetu. Mimi sijawahi kusimama mbele ya tanuri, ulinikumbusha. Wewe umesimama hapo miaka. Namna ya kuizuia oksijeni isifike, unaijua?

Sikuombi unipende. Nakuomba jibu.

Nthambi

*

Ghent
2 Juni 2024

Nthambi,

Poleni na mafuriko. Nilimpigia mwaitu, akaniambia ya migomba.

Msiitoe fuwele nje kabla ya kuifunika. Ikiwa bado tanurini, ikiwa bado na joto, ipakeni tabaka jembamba la naitraidi ya alumini. Jembamba sana, lisizuie mwanga, lakini lizuie hewa. Pia gesi yao ya naitrojeni wasiamini kilichoandikwa kwenye mtungi, waisafishe upya kabla ya kuiingiza. Na tanuri ichomwe tupu kwanza, siku nzima, ili unyevunyevu uliojificha kwenye kuta utoke. Maelezo kamili, joto na muda, nimemwandikia yule mama moja kwa moja. Nimemwachia namba yangu, akikwama anipigie.

Usinishukuru. Sikusaidii wewe, naisaidia fuwele. Haina kosa.

Kwamba ulikuwa na nafasi Pretoria, ukabaki kwa ajili ya baba, sikujua. Hakuna aliyeniambia.

Muthoka

*

Machakos
13 Oktoba 2024

Kaka Muthoka,

Wimuseo? Mwaitu anatembea bila fimbo wiki hii, na amenituma nikwambie kwamba ile migomba imechipua tena. Loise amefaulu uzamili wake.

Imewaka.

Alhamisi walituita kwenye simu ya video, mimi na Loise na mkuu wa idara aliyekuja akijifanya anatafuta stepla. Walikuwa wameifunika kama ulivyosema. Ilitoka tanurini ikabaki angavu kama kioo cha dirisha. Kisha wakaipiga kwa miale ya elektroni. Sisi hatukuona kitu, bila shaka, mwanga wenyewe hauonekani. Lakini walikuwa wameweka kando yake kadi inayong'aa ikiguswa na urujuanimno, na ile kadi ikawa buluu. Yule mama alisogeza kamera karibu. Loise alilia. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza.

Mwanga ni hafifu na umehama kidogo kutoka pale nilipohesabu. Bado si taa. Watasema inahitaji miaka, na ni kweli, na maji ya Katangi leo ni yale yale ya jana. Lakini fuwele ipo. Ile namba imekuwa kitu ambacho mtu anaweza kukishika kwa koleo.

Sasa tunaandika makala. Jina langu ni la kwanza, la Loise ni la pili, halafu lako, halafu la Pretoria. Najua utasema lako linastahili kuwa juu ya la mwanafunzi. Nimelifikiria na sitalibadilisha. Loise alikaa na hesabu hizi hata nilipoziacha mimi. Lakini bila wewe tungekuwa na unga mweupe, na hilo nimeliandika ndani ya makala, kwa maneno yaliyo wazi, si kwenye shukrani za mwisho.

Sijakusamehe ile Agosti yote. Nilidhani mwanga ukiwaka itaisha. Haijaisha. Kuna wakati nakuwa natembea tu mjini, inanirudia.

Desemba mwaitu anataka kufanya sherehe ya shukrani Kathiani. Amekualika yeye, na mimi pia nakualika. Yeye atafurahi zaidi yangu, lakini nami nitafurahi.

Dada yako,
Nthambi

*

Ghent
10 Novemba 2024

Dada Nthambi,

Natumaini mko wazima nyote. Mimi sijambo, ingawa baridi imeanza. Mwambie Loise hongera, na uiseme kama yangu, si kama salamu za kupitisha.

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Yule mama wa Pretoria alinitumia video siku ile ile ilipowaka, kabla yako. Niliiangalia ofisini. Kimanzi aliruka akanikumbatia, nikamwacha. Baadaye nilitoka nikazunguka mfereji wa hapa mjini hadi miguu ikauma. Nilitaka kufurahi na sikuweza kufurahi yote. Nusu ilikuja. Nusu nyingine imesimama mlangoni, na sijui itaingia lini. Nakuambia hivi kwa sababu ukiniona Desemba nikicheka na wageni utadhani nimemaliza, na sitaki tena udhani jambo lisilokuwa kweli kwa sababu yangu.

Jina langu la tatu ni sawa. Mwanzoni niliandika barua ndefu ya kulipigania, nikaifuta.

Kazi yangu hapa inaisha Machi na hawatanipa mkataba mwingine. Mwaitu bado hajui, nitamwambia mwenyewe nikifika. Tafadhali usinitafutie nafasi chuoni kwenu. Siwezi kuwa chini yako. Labda siku moja, lakini si sasa.

Nitakuja tarehe kumi na tisa. Siku ya sherehe watu watakuja kukupongeza na mtaniketisha mbele, nitakaa, nitapiga makofi. Lakini kabla ya siku hiyo nataka tukae jikoni, mimi na wewe, na ulete faili zako. Tangu barua yako ya kwanza nimekupa ushauri, nimekukatalia, nimekuonya, nimekugombeza. Juzi nilizisoma barua zetu zote tena tangu mwanzo, na niliona kwamba hakuna mahali hata pamoja nilipokuuliza swali nikitaka kweli kulijua jibu lako.

Basi nauliza. Kati ya michanganyiko yote ile, ulijuaje pa kutafuta?

Usinijibu kwa barua. Ningojee.

Mwana wa mama yako,
Muthoka